Maswali mnayotuuliza kila wiki kuhusu kundi letu la mabinti hapa Newala

Tumeamua kuyaandika majibu sehemu moja maana tumechoka kurudia yaleyale kwenye grupu la watsapu kila anapoingia mzazi mpya, na pia kuna maswali watu wanaona aibu kuuliza hadharani halafu wanaenda kujijibu wenyewe kijiweni. Anayeandika ni mmoja wa tunaokaa na mabinti, nina miaka 24, kwa hiyo msitegemee lugha ya ofisini.

Kwani nyie ni nani? Ni NGO?

Hapana jamani, hatuna gari wala fulana zenye nembo. Tupo wasichana tisa, mdogo wetu ana miaka 18 mkubwa ana 26, wengi tumeishia form four, wawili wapo chuo Mtwara mjini wanarudi likizo, mmoja fundi cherehani, mmoja ana mtoto wa miaka mitatu anakuja naye mgongoni. Tunakaa na mabinti wa kuanzia darasa la tano mpaka form three. Kwenye semina za halmashauri wanatuita waelimishaji rika, sawa, ila sisi wenyewe tunaitana somo, na kila binti ana somo wake. Ukisema kwa wingi "masomo" watu wanadhani ni tuisheni, kuna mama alimleta mtoto na daftari la hesabu akakaa nje anasubiri tumalize, basi tukamsaidia na hizo hesabu, tungefanyaje.

Kwanini somo? Hilo si neno la unyagoni?

Ndiyo, na tumelichukua makusudi. Huku kwetu msichana akivunja ungo hakuwa anaachwa peke yake, alikuwa na mtu wake wa kumshika mkono, mtu asiye mama yake, maana kwa mama unaona haya na mama naye anakuonea haya mnabaki mnaangaliana. Alikuwa ni mtu unayeweza kumuuliza kitu cha kijinga na asicheke, au acheke halafu akujibu. Siku hizi ngoma inachezwa siku chache kwa sababu ya shule na gharama, somo anapewa zawadi yake, kesho yake kila mtu na njia yake, ukikwama mwezi wa tatu huna wa kumuuliza unaenda kuuliza simu. Sisi tulichofanya ni kumrudisha yule somo akae mwaka mzima, basi. Ndo maana mtu akisema haya mambo tumeyatoa kwa wazungu huwa nashangaa kidogo.

Kwa hiyo unyago mnaupinga au hamuupingi?

Hili ndo linaulizwa kuliko yote na kila anayeuliza keshachagua jibu analotaka kusikia.

Hatuupingi. Tisa wote tumechezwa, na kuna mambo tulifundishwa kule ambayo shule haijatufundisha mpaka leo, kukaa na hedhi, usafi wa mwili, kumhudumia mgonjwa, kuongea na mtu mzima, na zile nyimbo za mafumbo ambazo ukija kuzielewa ukubwani unacheka peke yako njiani watu wanakuona chizi. Hatuwezi kusimama leo tukasema bibi zetu walikuwa wajinga.

Tunachogombana nacho ni umri, na kalenda. Mtoto wa darasa la tatu, miaka 9, hajavunja ungo wala hana dalili, anapelekwa kwa sababu dada yake anapelekwa na wazazi wanaona bora gharama iwe moja, mchele mmoja ngoma moja. Anakaa mle anasikia mambo ya chumbani yasiyomhusu, siku ya kutolewa anafungwa kanga mpya anapakwa mafuta, mtaa mzima unamwambia sasa umekua. Ana miaka 9! Yeye kaambiwa amekua na anaamini, kijana wa bodaboda naye kasikia amekua na anaamini zaidi yake. Hapo ndo mambo yanapoharibikia. Na kalenda ni hivi, likizo ya mwezi wa 6 na ya mwezi wa 12 zinatosha kabisa kucheza ngoma, ila kuna familia zinaanza wiki mbili kabla shule hazijafungwa na nyingine zinapitiliza, binti anarudi darasani wenzake wamefika mbali, anaona aibu kuuliza, anakaa nyuma, na akishakaa nyuma ndo hapohapo.

Kilichosaidia kijijini kwetu siyo mabango. Tulienda kwa kungwi na sukari kilo mbili na doti ya kanga, tukapiga magoti tukaamkia, tukakaa chini kwenye mkeka, na hatukumfundisha kitu. Tulimwomba tu atukubalie siku moja tuje mle ndani tuongee na wali (yani mabinti wanaochezwa) kuhusu shule. Alituhoji maswali magumu kuliko afisa yeyote tuliyewahi kukutana naye, alitaka kujua nani yupo nyuma yetu, nani anatulipa, na kama tutaenda kutangaza siri za ngoma mtandaoni (hatujatangaza na hatutatangaza, msituulize inbox). Mwisho akakubali. Na mwaka uliofuata ni yeye mwenyewe aliyewarudisha watoto wawili nyumbani kwao akasema hawa bado, waleteni wakikua. Tungesema sisi tungefukuzwa.

Mnawafundisha watoto kubishana na wakubwa?

Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba tangu binti yake aanze kuja kwetu anajibu. Tukamuuliza anajibu nini? Akasema nikimtuma dukani saa mbili usiku ananiambia mama naogopa, nitume na kaka. Sasa ndugu zangu huyo hajajibu, huyo ameongea. Tukakaa na yule mama tukaongea vizuri, sasa hivi yeye ndo anatuletea maji ya kunywa siku za mkutano.

Heshima tunafundisha tena sana, binti anaamkia, anapokea mzigo, hakatizi mtu mzima akiongea. Ila heshima siyo kunyamaza mtu anapokushika unapopakataa.

Kujiamini kunafundishwaje sasa? Si mtu anazaliwa nako?

Mi mwenyewe nilikuwa naamini hivyo, nilikuwa mtu wa kuinamisha kichwa mwalimu akinyoosha chaki. Nilichokuja kuona ni kwamba kujiamini hakuji kwa kuambiwa jiamini. Tumehudhuria sana semina za ukumbini, mtu anasimama na maiki anawaambia mabinti mia semeni naweza, wanasema NAWEZA, wanapewa soda na mkate wanaondoka, Jumatatu mwalimu akiuliza swali vichwa chini kama kawaida.

Kinachofanya kazi ni binti kupewa kazi ya kweli, ndogo, ambayo akikosea hakuna anayekufa, na pembeni yake awepo mtu aliyefanya kazi hiyohiyo mwaka jana huku anatetemeka. Mtu wa miaka 45 mwenye digrii akimwambia binti "wewe unaweza" binti anamwitikia ndiyo mama huku moyoni anasema wewe si unaweza kwa sababu ni wewe. Lakini akiambiwa na dada wa nyumba ya tatu, ambaye anajua kwao hakuna umeme na anajua alipata divisheni ziro akarudia mtihani, hilo neno linaingia.

Kazi zenyewe ni hizi, kwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji kuomba barua, peke yako, somo anakusubiri nje chini ya mwembe. Kwenda zahanati kuuliza siku ya chanjo. Kwenda duka la dawa kununua taulo za kike muuzaji akiwa mwanaume, kutaja bei, kuhesabu chenji pale pale kaunta bila kukimbia. Unaweza kucheka, ila muulize binti wa form one hiyo ya mwisho ni ndogo au kubwa.

Siku ya mkutano mnafanya nini hasa?

Tunaanza na mchezo maana wakifika wamechoka, wengine wametoka kwenye foleni ya maji. Wasioijua Newala, sisi tupo juu ya uwanda wa Makonde, mji una ubaridi wake mzuri lakini maji ni tatizo la tangu enzi za bibi, na kazi ya kutafuta maji inajulikana ni ya nani. Kwa hiyo dumu zinapangwa pembeni, mchezo unapigwa.

Halafu tunakuja kwenye "dakika tatu". Kila Jumamosi mabinti wanne wanasimama, kila mmoja anatufundisha kitu anachokijua yeye, dakika tatu, chochote. Kuna aliyefundisha kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, bila kuikata, kuna aliyefundisha kusuka twende kilioni. Nisimulie moja. Tulikuwa na binti wa darasa la sita hakuwahi kufungua mdomo wiki nne nzima, ukimuuliza jina anaangalia vidole vya miguu. Wiki ya tano ilikuwa zamu yake, tukajua itatubidi tumruke. Akasimama akasema kwa sauti ya chini, nitaelezea kubangua korosho. Ujue kubangua kwa mkono siyo mchezo, ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, inabidi ujue kukaanga kiasi gani na kupaka nini mikononi na kupiga wapi ili punje itoke nzima, maana ikivunjika bei inashuka. Mtoto akaanza kueleza kwa mikono, akasahau kama tunamwangalia, dakika tatu zikapita, saba zikapita, hakuna aliyemkatiza. Alikuwa anabangua na mama yake tangu ana miaka saba! Sisi tisa hatukujua hata nusu ya aliyosema. Sikuambii kwamba siku hiyohiyo alibadilika akawa mtangazaji, hapana, aliendelea kuangalia vidole wiki mbili tatu. Ila kuanzia hapo wenzake walianza kumuuliza vitu, na mtu akishaulizwa inabidi ajibu.

Baada ya hapo kila binti na somo wake wanakaa pembeni wawili wawili, robo saa, hapo hatusikilizani. Mwisho tunaigiza. Mfano mwendesha boda anakuambia panda nikufikishe shule bure, kesho anakuletea chipsi, keshokutwa anataka malipo, unasemaje siku ya kwanza? Siyo siku ya tatu, siku ya tatu imeshachelewa. Tunaigiza mpaka majibu yanatoka yenyewe.

Nimepata ziro form four, naweza kuwa somo?

Ndiyo, njoo. Tena wewe ndo tunakutaka.

Masharti ni machache ila hatuyalegezi, uwe umefika miaka 18, ukae hapa angalau mwaka mmoja (binti anayezoea mtu halafu mtu anapotea bila kuaga anaumia kuliko angeachwa tu), mwenyekiti wa kitongoji akufahamu, na miezi miwili ya kwanza unakaa na somo mzoefu unasikiliza. Na kama unakuja ili uonekane kwenye picha tutajua tu.

Posho ni shilingi ngapi?

Hakuna.

Ngoja nieleze kidogo maana watu hawaamini. Sisi tisa tuna kikoba, kila wiki mia tano mia tano, pamoja na faida ya ming'oko ya kuchemsha tunayouza stendi na siku za mnada. Hiyo ndo inanunua sabuni, madaftari, na nauli ikitokea dharura. Kuna mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 isiyo na riba, yani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na kundi likisajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii linaruhusiwa kuomba. Tumejisajili, tunafikiria cherehani. Ila mkopo ni wa biashara siyo wa kukaa na mabinti, tusichanganye mafaili.

Mnatoa pedi bure?

Tukiwa nazo. Mara nyingi hatuna. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, bei dukani haikushuka kama ilivyotegemewa, 2019 kodi ikarudi, kwa hiyo usisubiri bei. Mwenzetu fundi anawafundisha kushona za kitambaa na watu wengi wanasema hilo ndo jibu, mi nasema ni nusu jibu, kwa sababu kitambaa kinataka maji na sabuni na kamba ya kuanikia kwenye jua, sasa huku dumu la maji linanunuliwa halafu binti anaona haya kuanika nje, anaanika chini ya godoro kinabaki kibichi anapata muwasho. Kwa hiyo kabla ya kushona tunaongea na mama zao kuhusu kamba ya kuanikia. Inaonekana kitu kidogo ila ndo penyewe.

Na kwa kuwa mnauliza, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi haifungi uzazi. Ilianza kutolewa nchi nzima 2018 na kuanzia 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Wenye maneno yenu ya kijiweni nendeni zahanati mkaulize.

Mimi ni mjomba mtu. Nani kawapa ruhusa ya kukaa na mtoto wetu bila kuniuliza?

Shikamoo mjomba. Una haki na tulikosea. Mwanzoni tulikuwa tunaomba ruhusa kwa mama na baba tu tukisahau kwamba huku kwetu ukoo unaenda kwa mama, na neno la mjomba likikataa limekataa. Sasa hivi fomu yetu ya ruhusa (ni karatasi ya daftari, tusiikuze) ina sehemu ya mlezi mwingine, tunakuja nyumbani tunakaa tunaeleza. Wajomba wengine ndo wamekuwa msaada mkubwa, yupo mmoja alizuia posa ya binti wa form two kwa sentensi moja tu, sisi tungeongea wiki nzima.

Si sheria inaruhusu msichana kuolewa na miaka 15? Mnapata wapi nguvu ya kuzuia?

Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo iliandika hivyo, 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaenda Mahakama Kuu, 2016 mahakama ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki palepale na Mahakama Kuu. Alikuwa binti mdogo tu wa miaka ishirini na kitu, mabinti wetu wakisikia hilo huwa wanauliza mara mbili mbili, alishitaki serikali? peke yake?

Na kama binti ni mwanafunzi wala usiende mbali. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe 2016, kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela, na anayesaidia hiyo ndoa ana kosa pia. Huwa tunaitaja taratibu, siyo kwa kutishia, tunaitaja kama mtu anayekukumbusha mvua inakuja.

Akipata mimba si ndo basi tena?

Ilikuwa basi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba waliokatiza masomo wakiwemo waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shule za kawaida, wamepewa miaka miwili ya kurudi. Yule mwenzetu mwenye mtoto aliitumia hiyo nafasi, akamaliza form four. Anasema ruhusa ilikuwa rahisi, kazi ilikuwa ile njia ya kutoka nyumbani mpaka getini wiki ya kwanza, watu wanaacha kununua nyanya wanakuangalia. Kwa hiyo sasa hivi binti akirudi shule, somo wake anatembea naye wiki nzima asubuhi na jioni, hata kama hawaongei kitu.

Binti akiwaambia siri nzito mnaitunza?

Soma hapa vizuri maana ndo sehemu tunayoogopa kuliko zote.

Binti akisema "nikuambie kitu lakini usimwambie mtu", kabla hajaendelea tunamwambia, nitakutunzia, ila kama kuna mtu anakuumiza itabidi tumtafute mkubwa mmoja wa kutusaidia, na huyo mkubwa tutamchagua mimi na wewe. Wengine wanaghairi, wanarudi wiki ya pili. Hatuahidi kisha tukavunja.

Kama amebakwa, kituo cha afya ni kwanza, haraka, ndani ya saa 72 kwa sababu ya dawa za kuzuia VVU, asioge, nguo zisifuliwe. Halafu dawati la jinsia na watoto polisi, afisa ustawi wa jamii, au piga 116, ni bure na ni kwa ajili ya watoto. Somo haendi peke yake na hafanyi upelelezi, hamhoji binti mara tano, anasikiliza mara moja tu.

Tumeshashindwa pia, nisiwadanganye. Kuna kesi familia mbili zilikaa zikamalizana kwa hela, binti akapelekwa kwa ndugu mbali, tulipofika nyumbani tukaambiwa kaenda kusalimia. Hajarudi. Somo wake aliacha kundi miezi mitatu. Tangu hapo na sisi tisa tuna siku yetu, Jumapili moja kila mwezi, tunakaa bila mabinti na kila mtu anatua mzigo wake.

Msimu wa korosho watoto hawaji. Mnafanyaje?

Hatufanyi kitu, tunawafuata. Kuanzia mwezi wa tisa huko kila mtu yupo shambani anaokota, ukimlazimisha binti aje kukaa kwenye mkeka aongelee kujiamini mama yake atakuchukia na atakuwa sahihi. Tunaokota nao. Robo saa ya somo na binti inafanyika chini ya mkorosho, tena wanaongea zaidi mikono ikiwa na kazi. Hela za mnada wa korosho zikishaingia ndo tunakuwa macho zaidi, kijijini kunakuwa na sherehe, disko, na watu wazima wenye hela mfukoni, wiki hizo hatukosi hata Jumamosi moja.

Mnawaingiza watoto kwenye siasa?

Tunawaingiza kwenye mkutano wa kijiji, kama ndo siasa basi sawa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, wa miaka chini ya 18 hapigi kura ila kukaa na kusikiliza nani kamkataza? Mwanzo walikuwa wanakaa nyuma kabisa. Kuna siku hoja ikawa maji, wanaume wakaongea saa nzima kuhusu bomba na kamati, na hakuna aliyesema kwamba bomba linafunguliwa asubuhi tu na ndo maana wasichana wanakosa kipindi cha kwanza. Binti wa form two akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamruka. Akaacha mkono juu. Wazee wawili wakaanza kucheka, mmoja akasema mpe mtoto aongee mkono utakatika huo. Akaongea sentensi tatu, alikuwa amezifanyia mazoezi na somo wake nyuma ya darasa siku mbili. Siku hizi bomba linafunguliwa na jioni.

Tukiwauliza mabinti kiongozi mwanamke ni nani wote wanasema Rais Samia, sawa, lakini Ikulu ni mbali. Tunawatajia wa hukuhuku Kusini, Hawa Ghasia alikuwa mbunge wa Mtwara Vijijini akawa waziri wa TAMISEMI, Salma Kikwete alikuwa mwalimu miaka mingi kabla ya kuchaguliwa jimbo la Mchinga 2020. Halafu tunawauliza, mjumbe wa serikali ya kijiji mwanamke wa kitongoji chako anaitwa nani? Kimya. Basi kazi ya wiki hiyo ni kwenda kumsalimia. Mmoja wetu alitaka kugombea ujumbe kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, akashindwa kwenye kura za maoni za chama, akalia siku moja, Jumamosi akaja kuwasimulia mabinti kura alizopata moja moja na nani alimwahidi akamgeuka. Walicheka sana. Wawili wakasema na wao watagombea uongozi shuleni, mmoja kapata.

Na wavulana je?

Wana jando lao, wana uwanja wa mpira, wana kijiwe, wana kila mahali pa kukaa. Wakitaka kundi waanzishe tutawaazima mkeka.

Mnajuaje kama inafanya kazi?

Tuna daftari. Siyo la alama. Kila somo anaandika kitu kimoja binti wake alichofanya mwezi huo ambacho mwezi uliopita asingefanya. "Ameuliza swali la fizikia." "Amemwambia baba hela ya daftari imeisha badala ya kumtuma mama." Mwezi mwingine mstari hauna kitu, tunauacha hivyohivyo.

Nataka kuanzisha kwetu Tandahimba, nianzie wapi?

Usianze na jina la kundi wala katiba. Tafuta wenzako watatu mnaoaminiana, nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji mjitambulishe, nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwambieni mnataka saa moja tu kwa wiki, kisha kungwi, kisha ndo wazazi. Anzeni na mabinti wanane. Nane siyo themanini, maana kila mmoja lazima awe na mtu anayejua kama juzi aliumwa. Na sehemu ya kukutania iwe wazi watu wakipita wanaona, siyo chumbani kwa mtu, hiyo inawalinda mabinti na inawalinda na nyie.

Mnakutana wapi na saa ngapi?

Jumamosi saa tisa alasiri, nyuma ya shule ya msingi, kwenye ule mwembe mkubwa. Mvua ikinyesha tunahamia darasa la pili, funguo anayo mlinzi, mwamkie kwanza. Njoo na dumu lako, tukimaliza tunapitia bombani wote.